Kisiwa Kisicho na Bahari

Kutoka Mukumu hadi ukingoni mwa Msitu wa Kakamega si safari ya kufungia mizigo. Bodaboda inaacha barabara kuu ya Kisumu–Kakamega pale Khayega, inashika njia ya Shinyalu, na muda wote huo ni mashamba tu: mahindi yamechanganywa na maharage, migomba imesogea hadi mlangoni, majani chai yamejaza mteremko, mikaratusi imepangwa mistari mistari kwenye kila mpaka. Hakuna kipande kilicholala. Kisha kilimo kinakatika ghafla na kivuli kinaanza. Humo ndani wanaishi viumbe ambao wengi wao Mkenya hatawaona kwingine kokote nchini mwake.

Msitu wa Kakamega ni masalio ya mashariki kabisa ya msitu mkuu wa mvua wa Kongo. Enzi za unyevu mwingi, msitu ule ulitanda kutoka bonde la Kongo, ukapita Uganda, ukafika magharibi mwa Kenya. Mabadiliko ya tabianchi ya maelfu ya miaka yaliurudisha nyuma, halafu shoka na jembe vikamaliza kazi. Kilichobaki kiko mita 1,500 hadi 1,700 juu ya usawa wa bahari, kinapata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kimebeba zaidi ya aina 300 za ndege na aina zipatazo 400 za vipepeo. Humo kuna hondohondo weusi kwa weupe, shorobo mkubwa wa buluu, mbega, bafe wa Gabon, na kalasinga, yule tumbili mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya machungwa.

Wanaikolojia wana namna yao ya kukitazama kipande kama hiki: wanakihesabu kuwa kisiwa. Robert MacArthur na Edward O. Wilson, katika kitabu chao cha mwaka 1967, walieleza kwamba idadi ya aina za viumbe kisiwani hutegemea ukubwa wa kisiwa na umbali wake kutoka bara. Kikiwa kidogo, aina huzimika kwa urahisi. Kikiwa mbali, waliotoweka hawapati wa kushika nafasi yao. Haukupita muda mrefu watafiti wakaona kanuni hiyo inafaa pia kwa misitu iliyozingirwa na mashamba. Kima wa Kakamega hawezi kuvuka kilomita nyingi za miwa na mahindi, kama vile komba wa Madagaska asivyoweza kuogelea hadi Msumbiji.

Mataifa ya visiwa ya Bahari ya Hindi yanaonyesha hatari ya maisha ya namna hiyo. Mauritius ilimpoteza dodo katika karne ya 17, miongo michache tu baada ya Waholanzi kutia nanga. Madagaska ilipoteza ndege wakubwa kuliko mbuni, na komba wakubwa wenye uzito wa mtu mzima. Walipopungukiwa na makao, hawakuwa na pa kukimbilia. Tofauti ya Kakamega ni kwamba bahari yake ina watu. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,867,579 katika Kaunti ya Kakamega, zaidi ya 600 kwa kila kilomita ya mraba. Mjadala wa uhifadhi umezoea kuwataja watu hao kama wimbi linalokula ufuo. Ushahidi uliokusanywa msituni humo kwa miongo kadhaa unasema jambo pana zaidi: hatima ya kisiwa hiki itaamuliwa mashambani kama itakavyoamuliwa chini ya miti.

Dhahabu, mbao na ramani

Mipaka ya leo haikuchorwa na maumbile. Mwishoni mwa 1931, L. A. Johnson, Mmarekani aliyekuwa mlowezi karibu na Turbo, aligundua dhahabu katika eneo la Mto Yala. Walowezi waliokuwa wamefilisiwa na mdororo wa uchumi wa dunia wakamiminika Kakamega. Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi yao ikichukuliwa, nyingine ya thamani hiyo ingetolewa. Mwishoni mwa 1932 serikali ya kikoloni ikairekebisha haraka haraka ili wachimbaji wapate njia, na fidia ikawa ya pesa. Mwaka uliofuata, 1933, msitu ukatangazwa rasmi kuwa chini ya serikali. Kwa mwenyeji wa Isukha au Idakho, mambo hayo mawili yalikuja mguu kwa mguu: mkono uleule uliovunja ahadi ya ardhi ndio uliokuja kulinda miti.

Ulinzi wenyewe ulikuwa wa kulinda mbao. Viwanda vya mbao vilivuna miti mikubwa kwa miongo mingi. Nyumba ya wageni ya Rondo, inayosifika leo kwa watazama ndege, ilijengwa mwaka 1948 kama makao ya mwenye kiwanda cha mbao. Palipofyekwa palipandwa misonobari na miti mingine ya biashara. Ndiyo maana eneo lililotangazwa linafika takriban kilomita za mraba 240, ilhali msitu wa asili haujazi hata nusu yake. Ramani ni pana, msitu ni mwembamba, na takwimu za serikali zinapojumlisha vyote pamoja msomaji hupata picha ya utajiri usiokuwepo.

Hatua za kuhifadhi zilikuja kwa mafungu. Mwaka 1967 sehemu za Isecheno na Yala zikatengwa kuwa hifadhi za asili. Mwaka 1985 upande wa kaskazini, Buyangu pamoja na kipande cha Kisere, ukafanywa Hifadhi ya Kitaifa. Mwaka 1986 yakaja maeneo ya chai ya Nyayo, mkanda wa majani chai uliokusudiwa kuwa kizuizi kati ya shamba na msitu. Mkanda huo uliweka mpaka unaoonekana kwa macho, lakini uliwekwa kwa kufyeka msitu huohuo uliokusudiwa kulindwa.

Kisere kinastahili kutazamwa peke yake. Ni kipande cha hekta kama 400 kilichoachana na msitu mkuu, nacho ndicho makao ya kalasinga wa Kakamega. Miongoni mwa jamaa zake wa karibu, kima, jike hubaki katika kundi alilozaliwa na dume hulazimika kuondoka kutafuta kundi lingine. Hilo linafahamika vizuri kwa sababu Marina Cords wa Chuo Kikuu cha Columbia amekuwa akiwafuatilia kima wa Isecheno tangu 1979. Mnyama ambaye maisha yake yanadai kuhama, akifungiwa katika kipande kidogo, hubaki kuzaana na jamaa zake. Hakuna jangili anayehitajika hapo. Umbali peke yake unatosha.

Hasara inayochelewa

Utafiti uliolifungua jambo hili ulichapishwa mwaka 1999 na Thomas Brooks, Stuart Pimm na Joseph Oyugi. Walichukua vipande vitano vya msitu wa eneo la Kakamega, wakapitia picha za angani na ramani ili kujua kila kimoja kilitengwa lini, kisha wakalinganisha ndege waliopaswa kuwemo na waliokuwepo kweli. Waligundua kwamba ndege hawatoweki siku miti inapokatwa. Hutoweka kidogo kidogo, kwa miongo. Kwa kipande cha hekta 1,000 hivi, nusu ya hasara yote inayotarajiwa hutokea katika miaka 50 ya kwanza. Nusu nyingine huja baadaye.

Maana ya matokeo hayo ni nzito kuliko yanavyoonekana. Ndege anayeimba leo ndani ya kipande kilichokatwa miaka 40 iliyopita anaweza kuwa miongoni mwa wanaohesabiwa kutoweka, hata kama hakuna mti mwingine utakaoguswa. Orodha ndefu ya aina haitoshi kuthibitisha kwamba msitu ni mzima. Lakini upande wa pili wa hesabu hiyo una nafuu: kwa kuwa hasara huchelewa, kuna muda wa kuizuia, ikiwa vipande vitaunganishwa na kupanuliwa kabla muda haujaisha.

Waliotangulia kuondoka wanajulikana. Tembo na nyati walitoweka zamani. Taarifa za mwisho za kuaminika za chui ni za mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kasuku wa kijivu, ambaye nchini Kenya alikuwa na makao yake hapa, amekuwa nadra mno. Mfuatano huo si wa bahati nasibu: wanaohitaji eneo kubwa hutangulia, wenye mahitaji maalumu hufuata, na wanaokula chochote hubaki. Nyani wa kawaida hana wasiwasi.

Kinachoumega msitu kila siku

Msomaji wa magazeti huenda akadhani adui wa msitu ni lori la mbao za usiku. Wizi huo upo. Ila sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa taratibu, na watu wasiojiona kuwa waharibifu. Mizigo ya kuni hutoka msituni kichwani mwa wanawake. Makaa huchomwa mbali na njia za askari. Ng'ombe huingizwa kwenye nyasi za ndani na kukanyaga miche. Magome ya mwiritsa, mti ambao dawa ya tezi dume hutengenezwa kutokana nao, huchunwa kuzunguka shina lote hadi mti unakufa umesimama. Biashara yake ya kimataifa imewekewa udhibiti tangu 1995. Mukombero, mzizi unaotafunwa kote Magharibi na kuuzwa kwenye vituo vya matatu hadi Nairobi, huchimbwa msituni, na anayechimba mzizi huondoka na mmea.

Utamaduni wenyewe una mkono humo. Ngoma za isukuti za Waisukha na Waidakho, ambazo UNESCO iliziweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, huchongwa kwa gogo na kwa desturi huwambwa ngozi ya kenge. Mti unaofaa ukiadimika na kenge akiadimika, mchongaji huwa wa kwanza kujua. Shirika linalotaka kuiokoa ngoma na lile linalotaka kuuokoa msitu yangefaa kukaa meza moja.

Kisha kuna mpera. Mti huu wa kigeni umesambaa kwenye maeneo yaliyofunguka msituni, mbegu zake zikibebwa na nyani, ndege na watoto, na wasimamizi wana haki kuuogopa. Lakini mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Dana Berens walichunguza mipera iliyoachwa mashambani kuzunguka msitu, wakakuta kwamba chini yake huota miche ya miti ya msitu. Ndege wala matunda huja kula mapera, hutua, na huangusha mbegu walizomeza msituni. Mti uleule ambao ndani ya msitu ni mvamizi, shambani unaweza kuwa kitalu ambacho hakikugharimu mtu senti.

Sheria mbili chini ya miti ileile

Kwa miongo mingi, Kakamega imekuwa na wasimamizi wawili. Kaskazini, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, linaendesha Hifadhi ya Kitaifa ambamo kuchukua chochote ni marufuku. Kusini, upande ulio karibu na Mukumu, Shirika la Misitu, KFS, huruhusu baadhi ya matumizi kwa malipo: kuni zilizokauka, nyasi, malisho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 na Bärbel Bleher na wenzake ulikuta dalili za ukataji karibu kila mahali, ila chache zaidi ndani ya Hifadhi ya Kitaifa. Ukitazama visiki peke yake, marufuku imeshinda.

Tatizo ni kwamba kuni ambazo hazikuchukuliwa Buyangu zilichukuliwa mahali pengine. Jiko halizimwi kwa tangazo. Sheria ya Misitu ya 2005, na baada yake ile ya 2016, zilijaribu njia nyingine kwa kuwapa wakazi nafasi ya kuunda vyama vya jamii na kutia saini mikataba ya usimamizi na KFS. Upande wa Isecheno, chama cha Muileshi ni mojawapo. Kwenye karatasi mpango ni mzuri. Udhaifu wake ni mgawanyo: wanachama hupewa kazi ya kulinda na kupanda, huku mapato makubwa na maamuzi mazito yakibaki ofisini. Anayeombwa kuwa askari bila mshahara huuliza, siku moja au nyingine, analinda mali ya nani.

Hata upandaji miti una mtego wake. Katiba ya 2010 inataka angalau asilimia 10 ya nchi iwe na miti, na kampeni iliyozinduliwa Desemba 2022 inalenga miche bilioni 15 ifikapo 2032. Kwa hesabu hizo mkaratusi na mutere wa msituni ni sawasawa. Kwa hondohondo si sawa hata kidogo: yeye hutaka mti mkubwa wenye tundu la kuatamia na matunda ya mwaka mzima. Kaunti inaweza kutimiza lengo lake la miti na wakati huohuo kupoteza ndege wake.

Mashamba yanavyolipwa na msitu

Mkulima ana sababu ya kuujali msitu isiyohitaji mahubiri. Muo Kasina na wenzake walikadiria, kwa takwimu za mwaka 2005, faida wanayoipata wakulima wa Kakamega kutokana na nyuki kuchavusha mazao yao, yakiwemo maharage, kunde, nyanya na matunda. Ilikaribia asilimia 40 ya thamani ya mazao hayo sokoni. Wengi wa nyuki hao ni wa porini. Wanahitaji miti mikongwe, kingo za vichaka, ardhi isiyolimwa kila msimu. Hakuna mkulima anayewalipa, na ndiyo sababu thamani yao haionekani kwenye daftari lolote.

Msitu nao hunufaika na shamba la namna fulani. Ronald Mulwa na wenzake, katika utafiti wa 2012, walikuta mashamba madogo ya mchanganyiko yana ndege wa aina nyingi kuliko mashamba ya miwa mitupu. Wengi si wale wa ndani kabisa ya msitu, na hilo watafiti walilisema wazi: shamba haliwezi kuchukua nafasi ya Isecheno. Hata hivyo, shamba lenye miti, ua na mazao mbalimbali huwapunguzia ndege umbali, na umbali ndio unaoviua visiwa. Kila familia inayogeuza nusu ekari yake kuwa miwa au mikaratusi mitupu inapanua bahari, bila kuvunja sheria yoyote.

Mfano wa kuonyesha njia unapatikana papo hapo. Kikundi cha wakulima cha Muliru, kikishirikiana na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE cha Nairobi, kilianza kulima aina ya mvumbasi yenye harufu ya kafuri, kukamua mafuta yake na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wanakikundi waliacha kuutegemea msitu kwa mmea huo kwa sababu shambani ulilipa vizuri zaidi, na sehemu ya mapato ikarudi kwenye uhifadhi. Ni mradi mdogo ukilinganisha na ukubwa wa tatizo, lakini ulianzia pale mkazi anapoanzia, kwenye hesabu ya nyumbani.

Pemba ilipita njia inayofanana. Popo wa Pemba, mnyama asiyepatikana popote pengine duniani, alikuwa ukingoni mwa kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwindwa kwa kitoweo huku misitu ikifyekwa. Vilabu vya uhifadhi vikaundwa vijijini, sehemu kama Kidike zikaanza kupokea wageni wanaolipia kuwatazama, na idadi yao ikapanda hadi zaidi ya 20,000. Popo, hata hivyo, ana mbawa na hula matunda ya shambani. Alihitaji tu kuachwa hai. Kalasinga anahitaji njia ya kupita.

Uzio na mgodi

Maamuzi mawili yanayojadiliwa sasa yatagusa jambo hilihili. La kwanza ni pendekezo la kuuzungushia msitu uzio wa umeme, likihusishwa na shirika la Rhino Ark, lililokamilisha uzio wa Aberdare mwaka 2009. Wanaolitetea wanasema uzio utakomesha ukataji wa usiku na ng'ombe wasio na ruhusa. Wanaolipinga wanauliza kuhusu kuni, dawa, mahali pa tohara na matambiko, na wanakumbusha kwamba Aberdare ina tembo wanaovamia mashamba, jambo ambalo Kakamega haina. Swali la kiikolojia halisikiki sana katika kelele hizo: uzio unaochorwa kwenye mpaka wa leo unakubali pia umbo la leo. Ukijengwa kabla ya kuamua ni wapi vipande vitaunganishwa, utakuwa umeugandisha utengano ambao utafiti wa 1999 ulionya dhidi yake.

La pili ni dhahabu, kwa mara nyingine. Kampuni ya Shanta Gold ilinunua mradi wa Magharibi mwa Kenya kutoka kwa Barrick mwaka 2020, na mpango wa mgodi wa Isulu na Bushiangala huko Ikolomani, ng'ambo ya barabara kuu kutoka Mukumu, ukazua upinzani mkali mwaka 2025 kuhusu fidia na kuhamishwa kwa familia. Mgodi hauko ndani ya msitu. Lakini kaya zikihamishwa katika kaunti ambayo haina ardhi ya akiba, shinikizo lake litasikika mahali fulani. Wachimbaji wadogo nao hutumia zebaki kukamata dhahabu, na maji ya eneo hili hayabaki nyumbani: Isiukhu huingia Nzoia, Yala hupita kwenye kinamasi chake, na yote huishia Ziwa Viktoria.

Tathmini za athari za mazingira hufanywa mradi kwa mradi, kana kwamba uzio, mgodi, miwa na kampeni ya miti ni mambo ya wilaya tofauti. KFS hupima visiki, KWS huhesabu wanyama, kaunti huhesabu miche, na mamlaka ya madini hutazama leseni. Hakuna ofisi ambayo kazi yake ni kupima umbali kati ya Kisere na msitu mkuu na kueleza kila mwaka kama umepungua. Mwaka 2010 Kenya iliuweka Msitu wa Kakamega kwenye orodha ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza kuwa Urithi wa Dunia, na hapo ndipo jina hilo limebaki. Kabla ya UNESCO kuulizwa chochote, kipande cha ardhi kati ya Kisere na Buyangu kina wenyewe, wana hati miliki, na bado wanangoja mtu wa kuja na bei ya miti watakayokubali kuiacha ikue.